Kuteremka Bila Gia

Dizeli ilipopanda bei tena, mama aliyeniajiri aliacha kunipa pesa za mafuta mkononi. Alianza kuja mwenyewe kituoni, hapo Kitale, akiwa amevaa kofia yake ya sufu na gamboti za shamba, akasimama kando ya pampu mpaka tangi likajaa pomoni. Nikirudi kutoka Bungoma tunalijaza tena mbele ya macho yake. Kiasi kilichoingia ndicho lori lilichokunywa, na dereva hakuwa na hadithi nyingine ya kumweleza. Hakuandika mahali popote. Aliweka kichwani, na kichwa chake hakikuwa kinasahau.

Alikuwa mjane. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka upande wa Nyeri yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, na maisha yake yote yalikuwa hapo: shamba nje ya Kitale, kanisa, na biashara ya mahindi aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tulinunua mahindi Ndalu na Naitiri, na yakikosekana huko tulipanda mpaka Suam kungoja yale yanayovuka mpaka. Kisha tuliyateremsha Bungoma kwenye viwanda vya unga. Malori yalikuwa mawili, ya aina moja na ya umri mmoja. Moja niliendesha mimi. La pili aliendesha mwanawe wa kiume, mtoto wake wa mwisho, ambaye tayari alikuwa na mke na binti mdogo.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Mke wangu ni karani katika ofisi za serikali huko, kwa hiyo nyumba yangu ilikuwa kule na kazi yangu huku, na barabara iliyo katikati niliijua kama ninavyojua njia ya kwenda chooni kwangu gizani.

Siku moja mama alimaliza kuangalia pampu, akanigeukia.

"Dereva," alisema, "hizi gari ni sawa. Mzigo ni sawa, barabara ni ile ile. Mbona yako inakunywa hivi?"

Nilimwambia sijui.

"Hujui."

"Sijui, mama."

Nilielewa alichokuwa anafikiria. Kila mwenye lori kwetu anajua kwamba kuna watu wanaokaa kando ya barabara na mitungi mitupu, na kwamba dereva akisimama hapo kidogo, dizeli ya tajiri inapata mwenyewe mwingine. Sikuwahi kusimama pale. Lakini mtu asiyeiba ana shida moja: hana cha kuonyesha. Nilirudi ndani ya kibanda cha lori, nikafunga mlango.

Aliyenitetea ni mwanawe. Alikuwa amesimama karibu na lori lake akila mahindi ya kuchoma, akasikia yote.

"Mama, huyu mzee haibi," alisema. Alipenda kuniita mzee, ingawa nilikuwa sijafika hamsini. "Nipe wiki hii moja tu. Nitakuonyesha mahali dizeli inaenda."

Asubuhi iliyofuata alinikuta nikijitayarisha kutoka. Nilikuwa nazunguka lori nikigonga matairi kwa spana kubwa ya magurudumu na kusikiliza mlio, kama nilivyofundishwa na kama wanavyofanya madereva wengi wa njia yetu. Tairi likilia vizuri, twende. Yeye alitoa mfukoni kipimo cha upepo, kile kijiti cha chuma chenye namba, akachuchumaa.

"Umeshaendesha leo?"

"Bado."

"Sawa. Inafaa ipimwe ikiwa baridi. Ikishapata moto itakudanganya."

Alipima tairi moja baada ya jingine, mpaka yale ya ndani ya nyuma ambayo mtu lazima alale chini ili ayafikie. Aliposimama alikuwa na vumbi mgongoni na alikuwa anatabasamu.

"Mzee, hizi tairi zako zimelala."

Nilimwambia kwamba nilikuwa naziacha laini makusudi. Barabara ya kuingia mashambani huko Naitiri ni ya mawe, na tairi lililojaa upepo linakupiga mgongo mpaka jioni unashuka kama mgonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Huo ulikuwa wema wake mmoja. Hakuwa anakata mtu maneno.

"Umewahi kusukuma wilbaro yenye gurudumu halina upepo?" akaniuliza.

"Nimewahi."

"Si ulitoa jasho? Sasa injini yako inasukuma gurudumu kumi kama hilo, na juu kuna magunia. Hapo ndipo dizeli inaenda. Na hizo tairi unaziua pia. Ona hii, imeliwa pande zote mbili, katikati bado mpya."

Niliangalia. Ni kweli. Nilikuwa nimeyaona matairi hayo kila siku na sikuwa nimeliona hilo.

Tulipeleka lori kwenye banda la pancha, yakajazwa mpaka kipimo kinachofaa mzigo wetu. Kisha akaniambia lori lake linabadilishwa oili siku hiyo, kwa hiyo atakuja nami mpaka Bungoma. Safari hiyo nilitukanwa kwa upole kuliko safari yoyote maishani mwangu. Nilipokanyaga mafuta alisema, "Pole pole, mzee, haijakukosea kitu." Nilipokimbilia tuta na kushika breki karibu nalo, alisema:

"Kila ukikanyaga breki, hiyo ni dizeli umeichoma halafu umeitupa. Tuta uliiona toka kule kwa kanisa. Si ungetoa mguu hapo, gari ijilete yenyewe?"

Kiwandani Bungoma, kwenye foleni, niliacha injini inanguruma kama kawaida yangu. Alinyosha mkono akaizima. Tulikaa tukisikiliza mashine za unga.

"Sasa hii kelele ilikuwa inatupeleka wapi?" akauliza.

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilikuwa naendesha malori yeye akiwa bado shule ya msingi. Lakini niliporudi na mama akasimama kando ya pampu, tangi lilijaa mapema. Lilijaa mapema hivi kwamba kijana wa pampu alidhani bomba limekwama, akalijaribu tena. Mama alinigeukia.

"Leo imeshiba haraka," alisema.

Kisha akaenda dukani akarudi na soda, akanipa. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa njia ya kuomba radhi, na niliipokea hivyo. Toka siku hiyo mimi na mwanawe tulikuwa marafiki. Tulipakia pamoja, tukala pamoja kwa mama wa chapati pale Ndalu, na nikanunua kipimo changu cha upepo.

Hata hivyo lori lake lilibaki linakunywa pungufu kuliko langu. Si sana, lakini mama aliona, na mimi niliona. Nilidhani ni wepesi wa mguu wake. Kijana huyo aliweza kupanda mlima wote na mzigo bila kusikika hata mara moja mlio wa injini inayolia kwa shida. Nilijaribu kumwiga nikashindwa.

Baadaye nikagundua jambo. Tulikuwa tunateremka mmoja nyuma ya mwingine kuelekea daraja fulani upande wa Bungoma, mteremko mrefu unaopinda mara moja chini kabisa, karibu na mto. Mimi nilikuwa nimeingiza gia ndogo, injini inanishikilia, nateremka kama mtu anayeshuka ngazi. Yeye mbele yangu alianza kuniacha. Hakukuwa na moshi kwenye bomba lake. Taa za breki zikawaka, zikazima, zikawaka. Nikajua ameitoa gia.

Tulipofika kiwandani nilimwendea.

"Wewe unateremka na frii?"

"Mzee, mlima ni bure. Mungu ametupatia hiyo teremko, kwa nini niilipie mafuta?"

Frii ni kutoa gia na kuliacha lori liende kwa uzito wake. Madereva wa zamani wote tumewahi kufanya hivyo. Mimi niliacha nikiwa kijana, baada ya breki kunipotea siku moja nikiwa na lori tupu, na kama mbele hakungekuwa na kilima cha kunipokea, singekuwa nasimulia haya. Nilimweleza hayo.

"Ulikuwa na breki mbovu," alisema.

"Breki zilikuwa nzima. Zilipata moto."

"Sawa, mzee. Wewe unaogopa."

"Ndiyo. Naogopa."

Alicheka akanipiga begani. Hakucheka kwa dharau. Alikuwa mtu aliyeona kwamba kila alichojaribu juu ya lori lile kimefaulu, na mtu kama huyo ni vigumu kumwambia kwamba kimoja hakitafaulu.

Nilimwambia mama pia. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye veranda, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza bila kuongeza chumvi. Alisikiliza huku vidole vyake vinaendelea kutupa mawe.

"Lakini si yeye ndiye alikufundisha mambo ya upepo?"

"Ni yeye, mama."

"Na alikuwa sawa."

"Alikuwa sawa."

"Basi mwache. Anajua gari." Alimwaga maharagwe kwenye sufuria. "Kama dizeli ingekuwa bei ya zamani ningemwambia aache mchezo. Lakini wewe unaona vile tunapumua hapa."

Niliona. Mahindi yalikuwa yanashuka bei wakati mafuta yanapanda, na alikuwa tayari amewaachisha kazi utingo wote wawili, kwa hiyo kila lori lilitoka na dereva peke yake. Niliinuka nikaaga.

Siku yenyewe tulipakia Ndalu. Ilikuwa baada ya mavuno, jua limewaka vizuri, mahindi makavu yanalia ndani ya magunia. Wapakiaji walipomaliza tulifunga turubai, akapima matairi yake yote, akaja akapima na yangu ingawa nilikuwa nimeshapima. Tulikunywa chai. Alizungumza habari za binti yake ambaye alikuwa ameanza kung'oka meno ya mbele, na jinsi anavyokataa kucheka mbele ya watu. Kisha akatangulia, nami nikamfuata.

Tulipita Naitiri. Ilipofika mchana tulikuwa kichwani mwa mteremko ule wa mtoni. Niliingiza gia ndogo. Yeye alianza kuniacha kama siku zote, nikamwacha aende.

Kwanza niliona taa za breki zikiwaka bila kuzima. Halafu moshi ukaanza kutoka kwenye magurudumu ya nyuma, mweupe, mwembamba, kisha mzito. Nilipiga honi, sijui kwa nini. Hakukuwa na kitu ambacho honi ingemsaidia. Niliona bomba lake likitema moshi mweusi ghafla, mara moja, tena mara moja, na nikajua anapandisha mlio wa injini ili gia ikubali kuingia. Lori likishachukua kasi ile, gia haikubali. Unasikia meno yakisagana mkononi mwako na inakurudishia. Upande wangu dirisha lilikuwa wazi, na ingawa alikuwa mbali nilisikia mlio ule wa meno. Bado nausikia.

Hakulifikia daraja. Kwenye ile kona aliweza kulikwepa gari dogo lililokuwa linapanda, na nadhani hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyoifanya kwa mikono yake, na aliifanya vizuri, kwa sababu waliokuwa ndani ya gari lile wote walienda nyumbani. Lori lilitoka barabarani likaingia shamba la miwa, likalala ubavu, na magunia yaliyokuwa nyuma yakaja mbele juu ya kibanda.

Nilisimamisha langu, nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikakimbia. Hata hilo la mawe nimewahi kujiuliza kama lilinichelewesha, lakini kama nisingeyaweka, lori langu nalo lingekuja juu yetu.

Alikuwa hai. Kibanda kilikuwa kimekunjwa na yeye yuko ndani, kichwa kinaangalia upande wangu, uso mzima, hauna hata mkwaruzo.

"Mzee, gia imekataa," aliniambia.

"Najua. Nyamaza, tunakutoa."

"Nitolee magunia miguuni. Yananilemea."

Hakukuwa na magunia miguuni pake. Ilikuwa ni chuma cha lori lenyewe. Nilimwambia nayatoa.

Watu walifika haraka kutoka mashambani. Wanaume kadhaa walikuja kwangu na majembe na nondo, wakafanya kazi kama wanamtoa ndugu yao, mmoja akakatwa kiganja na kioo wala hakuacha. Wengine walipita upande wa nyuma. Nilisikia mahindi yakimwagika ndani ya ndoo. Mwanamke mmoja alipita karibu nami na beseni kichwani, macho yetu yakakutana, akaangalia chini akaendelea. Simlaumu leo kama nilivyomlaumu siku hiyo. Lakini kijana wa watu alikuwa ananiuliza, "Mzee, ni nini hiyo inamwagika? Ni dizeli?" Nikamwambia hapana, ni mahindi tu.

"Afadhali," alisema.

Tulimtoa. Tulimlaza kwenye pikapu ya mtu mmoja wa kuuza maziwa, kichwa chake kwenye mapaja yangu, tukaelekea Bungoma. Hakusema tena. Tulipopita mahali ambapo barabara imechimbika, pikapu iliruka, nami nikamshika vizuri ili asiumie, kisha nikahisi kwamba hakuna tena wa kuumia. Nilimwambia mwenye pikapu asikimbize. Alinielewa, akapunguza mwendo.

Mimi ndiye niliyempigia mama. Nilikuwa kwenye kiti cha mbao nje ya wadi, nguo zangu zimeshikana kwa damu.

"Mama, tumepata ajali," nilisema.

"Gari iko wapi?"

"Mama."

"Imeanguka? Mzigo uko?"

"Mama, ni kijana."

Nikasikia simu ikiwekwa chini kwenye kitu kigumu, taratibu, bila kukatwa. Nilisikia jogoo wa nyumbani kwake. Nilisikia mlango. Halafu nikasikia sauti yake mbali, akimwita mke wa marehemu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita aje jikoni.

Walimzika shambani, karibu na baba yake. Mvua ilinyesha, na udongo wa Kitale ukilowa unashika viatu, kwa hiyo watu walitembea polepole na waliobeba jeneza waliteleza. Binti yake alisimama amefunga mdomo. Mama hakulia mbele ya watu. Alisimamia chakula, akauliza kama wageni wa kutoka Bungoma wameshakula, akahakikisha mimi nimekaa mahali pa watu wa nyumbani.

Lori lilipovutwa mpaka Kitale, nilikuwepo fundi alipoliangalia. Alikuwa fundi tuliyemzoea, mtu wa maneno machache. Alitambaa chini yake, akatoka, akajifuta mikono.

"Breki zilikuwa nzuri," alisema. "Zimeungua tu. Alikuwa frii?"

"Ndiyo. Ili aokoe mafuta."

Fundi alitikisa kichwa. Aliniambia kwamba lori likiwa ndani ya gia kwenye mteremko na mguu umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu inafunga, haitoi dizeli. Ukitoa gia, injini inabaki haina wa kuizungusha, kwa hiyo lazima ijilishe yenyewe ili isizime. "Kwa hiyo frii ndiyo inakunywa," alisema. "Ndani ya gia hainywi kitu."

Nilikaa juu ya tairi la zamani pale gereji. Upepo alioweka, mguu wake mwepesi, macho yake yaliyokuwa yanaona tuta kutoka mbali, injini aliyoizima kwenye foleni: hayo yote yaliokoa. Lile moja ambalo halikuokoa hata kijiko ndilo lililomuua. Hapo Kitale sikuwa na mtu wa kumwambia. Mke wangu nilimwambia, akafunika uso na leso.

Lililobaki la lori liliuzwa kwa watu wa vyuma. Matairi hayakuuzwa. Yalikuwa mazima, yameliwa sawasawa toka upande mmoja hadi mwingine, kazi ya mtu aliyekuwa analala chini kwenye vumbi kila asubuhi. Mama alisema yafungwe kwenye lori langu, na yakafungwa. Sikutaka. Lakini yangu yalikuwa yamechakaa kwa ule ujinga wangu wa zamani, na mapya yalikuwa hayanunuliki. Wiki za kwanza nilikuwa nikichuchumaa kuyapima nahisi kama nashika miguu ya mtu.

Nilidhani mama ataacha biashara. Hakuacha. Mke wa marehemu na mtoto walikuwa wanamtegemea, na mimi pia, kusema kweli. Tulipopata mzigo wa kwanza baada ya matanga, alikuja kwenye lori akiwa amevaa koti la kanisani, akapanda kiti cha pembeni bila kuniuliza.

"Leo tunaenda wote," alisema.

Tulipita Naitiri. Tulipokaribia mteremko nilimuuliza kama nisimame.

"Usisimame. Nenda vile huwa unaenda."

Niliingiza gia ndogo. Injini ikanguruma, ikalishikilia lori, tukateremka polepole, na magari nyuma yetu yakaanza kutupigia honi. Aliangalia mbele muda wote. Kwenye kona miwa ilikuwa imeshaanza kuchipua pale ilipolazwa. Aliiona. Aliminya mkoba wake kwa mikono miwili, tukavuka daraja.

Bungoma tulikuta foleni ndefu. Nilizima injini. Tulikaa ndani ya kibanda, joto limejaa, mashine za kiwanda zinasaga.

"Nilikuuliza gari kwanza," alisema.

"Hukuwa umejua, mama."

"Najua sikuwa nimejua. Lakini nilikuuliza gari kwanza." Alifungua mkoba, akaufunga. "Nataka uniambie kitu kingine, na usinidanganye kwa sababu mimi ni mzee. Ile frii. Ilikuwa inaokoa mafuta?"

Nilijua hilo swali litakuja siku moja. Nilikuwa nimelitayarishia majibu mawili. Moja lingemfanya afikiri kwamba mwanawe alikufa akileta kitu nyumbani, hata kama ni kidogo. Lakini aliniangalia kwa yale macho ya pampuni, na singeweza kumwambia mtu huyo kipimo cha uongo.

"Hapana, mama. Fundi aliniambia ilikuwa inamaliza zaidi."

"Zaidi."

"Kidogo tu. Lakini haikuwa inaokoa."

Nje, mpakuaji mmoja alikuwa anamtania mwenzake kwa Kibukusu, wakacheka.

"Na ile ya upepo?"

"Hiyo ilikuwa inaokoa. Na vile alikuwa anakanyaga mafuta, na vile alikuwa anasoma barabara. Hayo yote ni kweli. Alinifundisha mimi."

Alitikisa kichwa polepole, akashuka. Nilimwona akienda kwenye bomba la maji la wapakuaji, akanawa uso, akanawa tena, maji yakamlowesha kola ya lile koti la kanisani. Alisimama pale akiwa amewapa watu mgongo mpaka foleni iliposogea na nikalazimika kuwasha injini. Akarudi akapanda.

"Sogea," alisema. "Tusikose zamu."

Tulirudi Kitale na lori tupu. Njiani mvua ilianza, akalala, kichwa chake kikigonga dirisha kila tulipokutana na shimo, nami nikawa nayakwepa kadiri nilivyoweza. Alipoamka tulikuwa tumefika kituo cha mafuta. Hakushuka kusimama kando ya pampu. Alinipa pesa mkononi, akafunga vifungo vya koti, akaniambia nijaze kiasi ninachoona kinafaa, akaondoka kwa miguu kwenda nyumbani, ingawa nilimwambia asubiri nimfikishe.

Bado namwendeshea. Hajapanda tena lori. Mke wa marehemu sasa ndiye anayenunua mahindi Ndalu, anajua kupima unyevu kwa kuuma punje kwa meno, na wakulima wanamwogopa kidogo. Kwenye mteremko ule, karibu kila safari, lori fulani hunipita likiwa kimya, halina moshi, taa za breki zinawaka na kuzima. Nikilikuta kiwandani humtafuta dereva wake nikamweleza. Wengine husikiliza. Wengi huniambia, mzee, wewe unaogopa.